Maranda Juu ya Kitanda cha Bibi

Tulipomaliza kumzika Baba, waombolezaji waliotoka mbali wakaanza kugombania chumba cha uani. Mimi nilikuwa jikoni nakaanga vitunguu, nikawasikia vizuri. Shangazi mmoja alisema yeye ana presha, asipolala kule basi tuchimbe kabisa na kaburi lake. Mwingine akajibu kwamba begi lake liko kule tangu asubuhi na halitoki. Nyumba kubwa ina vyumba vya kutosha, ina feni, ina dari nyeupe ya jipsamu ambayo mdogo wangu aliiweka majuzi kwa mbwembwe nyingi, na bado watu wazima na akili zao walikuwa wanakimbilia kijumba cha bati chenye dirisha moja ambacho zamani tulifugia kuku. Mke wa mdogo wangu akaja kuniuliza kwa sauti ya chini kule juu ya dari kuna nini, mbona jua la saa nane halifiki. Nikamwambia kuna maranda, yale mabaki ya mbao yanayobaki seremala akipiga randa. Akaniangalia. Yeye ni mtu wa siku hizi, anayajua yale mafoili yanayong'aa na yale magodoro meupe wanayouza madukani kwa mita, akaona labda msiba umenichanganya. Sikumweleza, vitunguu vilikuwa vinaungua. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikiufikiria mwaka ule, na kwa kuwa Baba hayupo tena kunikataza, nausimulia.

Mwaka huo nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nakaa nyumbani Nyakato, Musoma, nasubiri matokeo, sina kazi wala mchumba, kwa hiyo kila shida ya nyumba ilikuwa yangu. Shida iliyokuja ilikuja imelala juu ya godoro nyuma ya pikapu, kutoka Butiama. Alikuwa Bibi, mama yake Mama, ana kidonda chini ya unyayo ambacho alikitibu mwenyewe kwa majani mpaka kikamshinda. Hospitali wakasema ni sukari. Wakasema pia, na hili daktari alilirudia huku akimwangalia Mama usoni, kwamba kidonda kisafishwe na kufungwa kila siku pale pale Musoma, mguu asiukanyagie, usikae na jasho wala vumbi, na mgonjwa akikatisha dawa akaenda kwao, basi siku atakayorudi watakuwa wanaukata. Bibi alikuwa mtu wa ng'ombe na mashamba, mwanamke wa kupanda kilima peke yake kumfuata mbuzi aliyepotea. Kumwambia habari za kukatwa mguu ni kama kumwambia atazikwa nusu. Alivuta kanga akafunika kichwa.

Sasa alale wapi? Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawali pamoja, na mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake hata kama nje inanyesha mawe. Hiyo si kanuni ya kujadiliwa, na Bibi alikuwa wa mwisho duniani kuijadili. Kwa hiyo kuku wakahamishwa, kibanda cha uani kikasafishwa kwa maji ya moto na dawa, ukuta ukapakwa chokaa, vikawekwa vitanda viwili, kimoja cha Bibi na kingine changu. Kibanda kile kilikuwa na paa lake chenyewe, kwa hiyo mila imetimia na kila mtu ana amani. Kwa miguu mizima mambo yangekuwa mepesi, maana Bibi angemsikia Baba anakuja akaingia ndani. Lakini Bibi alikuwa anatembelea mguu mmoja na magongo, kutoka chooni mpaka mlangoni ni safari. Baba akawa anapiga kengele ya baiskeli tangu kona ya mtaa, halafu anasimama nje ya geti na baiskeli yake kama mtu anayedaiwa, anasubiri nimwite kwamba njia ni nyeupe. Majirani walimtania sana. Walimuuliza kama siku hizi anaomba kibali kuingia kwake, naye alicheka tu akafuta jasho.

Kuhusu joto la chumba kile sijui niseme nini nikaeleweka. Paa lilikuwa fupi, ukisimama kitandani unaligusa, na kufika saa sita bati lilikuwa linatoa mlio wa kupasukapasuka. Mafuta ya kupaka yaliyeyuka kwenye kopo. Bibi alilala chali, mguu umeinuliwa juu ya mto, nami nampepea kwa ungo mpaka mkono unakufa ganzi, na bado bandeji iliyofungwa asubuhi ikavuliwa kesho yake imelowa. Mama alimpikia mboga za majani na sato wa kuchemsha bila mafuta, kama alivyoelekezwa, Bibi akala mboga na kumsogeza samaki pembeni. Hakupenda samaki. Ukweli wenyewe ni kwamba hakupenda chochote kilichotoka ziwani, na Baba alitoka ziwani. Kazi yake ilikuwa mwaloni Mwigobero, anauza barafu kwa wenye samaki. Muuguzi aliona kidonda hakikauki, akauliza mgonjwa analala wapi. Tulipomweleza akasema chumba hicho kipozwe, la sivyo wao wanapoteza dawa na sisi tunapoteza mguu.

Hapo ndipo mabishano yalipoanza. Mjomba alikuja kutoka Nyasura, yeye ndiye mtoto wa kiume wa kwanza wa Bibi, mkulima wa pamba, mtu wa sauti kubwa na moyo mkubwa. Nilikuwa nakusanya vyombo sebuleni, nikawa nakusanya polepole ili nisikie. Mama alitaka nyasi ziwekwe juu ya bati, kama nyumba ya Bibi ya Butiama, maana chini ya nyasi hakuna joto linalomjua mtu. Baba akasema nyasi juu ya bati mvua ikinyesha zinaoza na bati linaliwa na kutu. Jirani mmoja alisema tupige silingibodi tu, ndiyo kistaarabu. Mjomba akacheka. Alisema mama yake hawezi kulazwa chini ya kadi nyembamba wakati yeye ana pamba imejaa stoo, pamba ambayo mwaka huo ilikosa mnunuzi wa maana, tutandaze pamba juu ya dari nene kama godoro na jua lipate kazi. Baba alisema yeye angeweka maranda, kwa sababu barafu yake hukaa kwenye maranda siku nzima na haimaliziki. Mjomba akauliza kama mama yake amekuwa sato. Mama akauliza nani anataka chai.

Baba hakukasirika. Alisema hili si jambo la kubishana, barafu yenyewe itasema. Kesho yake alirudi na bonge moja akalipasua uani vipande vya kulingana, akaviweka kwenye bakuli. Bakuli moja akalifunika kwa nyasi, jingine kwa gunia tupu, jingine kipande cha silingibodi, jingine maranda, jingine pamba ya mjomba, vyote unene wa kiganja isipokuwa kile cha kistaarabu. Juu ya kila kimoja akaweka bati juani. Bibi alisogezwa mlangoni aone, na Baba akaenda kukaa nyuma ya nyumba, mimi nikawa mdomo wao. Napeleka habari nyuma ya nyumba, narudisha maagizo. Chini ya silingibodi barafu ilikwisha kabla sijamaliza kuosha vyombo vya mchana. Nyasi zilijitahidi. Jioni kwenye maranda kilibaki kipande kama yai, na kwenye pamba kama ngumi ya mtoto. Mjomba alirusha kofia juu. Bibi aliporudishwa ndani, Baba alikwenda akagusa barafu ile, akasema pamba imeshinda, basi iwe pamba. Nilimpenda sana Baba siku ile, kwa sababu alikuwa ameshindwa uani kwake na mkewe anaona, na akaenda kuosha mabakuli.

Kukadiria ndiko kulikonipa mimi cheo. Nilikuwa nimetoka shule, hesabu bado za moto, nikapima urefu na upana wa chumba, nikazidisha kwa unene wa kiganja, nikatangaza gunia ngapi zinatakiwa. Nilichosahau ni kwamba pamba ya kule inashindiliwa. Mtu anaingia ndani ya gunia anaikanyaga kwa miguu mpaka gunia linasimama lenyewe. Fundi alipopigilia mabanzi ya mbao chini ya kenchi za paa, akatandika magunia yaliyoshonwa pamoja, akaanza kufungua pamba, ikaumuka. Gunia moja lilijaza nusu ya dari. Zilizobaki Mama alishonea mito, jirani akapata mto, watoto wa jirani wakapata mto. Mpaka leo mtu akiniambia nimkadirie kitu cha kujaza dari, swali langu la kwanza si ukubwa wa nyumba, namuuliza hicho kitu kikifunguliwa kinaumuka au kinashuka. Vijana wa duka la vifaa vya ujenzi huniona mama msumbufu, nami huwaacha waone hivyo.

Chumba kilipoa. Bati lililia juu huko, lakini sauti ilifika kwetu kwa mbali, na hata mvua iliponyesha tuliendelea kuongea bila kupaza sauti. Bandeji ilianza kuvuliwa kavu. Bibi akaanza kunisimulia habari za ujana wake, nyingine si za kuandika. Mjomba alikuja akalala chini ya dari ile akakoroma mchana kutwa, akaamka akijisifu. Halafu nikaanza kusikia mchakacho juu ya dari, kwanza kidogo kidogo wakati wa magharibi, halafu mbio kabisa. Hakuna kati yetu aliyewaza kitu kimoja rahisi. Ile ilikuwa pamba ya shambani, na mbegu zake zote ndani. Watu wa pamba sisi, tunaojua kwamba mbegu ile ina mafuta, kwamba ng'ombe wanaifurahia, tulikuwa tumepanga chakula cha panya juu ya kitanda cha mgonjwa, tukawatandikia na godoro. Jaribio la barafu lilisema kweli, ila liliulizwa habari ya joto tu.

Asubuhi moja niliamka nikaona doa la damu kwenye shuka la Bibi. Kwenye kidole gumba cha mguu ule ule kulikuwa na alama ndogo, ngozi imetafunwa. Sukari ilikuwa imeua hisia za mguu, Bibi hakusikia chochote, alikuwa ameketi ananiuliza kama uji umeiva. Nikamwita Mama. Muuguzi alipoona akamwita daktari, na daktari akasema maneno yale yale ya mwanzo, ila safari hii hakusema mguu ukikatwa. Alisema siku utakapokatwa. Tuliporudi nyumbani Bibi akatoa uamuzi. Panya wa Musoma wasimmalize kipande kipande, yeye anakwenda Butiama kulala chini ya nyasi zake, mguu ukitaka kufa ufie kwake. Mama alimsihi, akalia, akamkumbusha daktari. Bibi akaanza kufunga nguo zake kwenye kanga. Ndipo Mama akasimama katikati ya ua akasema, sauti imekauka kabisa, kwamba kama mama yake anakwenda kuozea kijijini basi na yeye anakwenda kumuuguza, na siku ya kurudi haijui. Baba alikuwa nje ya geti na baiskeli yake. Alisikia kila kitu.

Kwa alichofanya hakumwomba mtu ushauri. Aliomba kupitia kwangu Bibi ampe siku mbili tu, akaja na maranda kwenye mkokoteni kutoka kwa maseremala, kavu, ya mninga na ya mvule, akayachanganya na majivu ya jikoni na majani makavu ya mwarobaini ili wadudu wasiyapende. Fundi wetu alikuwa amesafiri. Wengine aliowafuata walisikia neno panya wakasema wana kazi nyingi. Mama alimshauri asubiri Bibi ahamishiwe kwa jirani kwanza, maana mkwe kupanda juu ya kichwa cha mama mkwe ni aibu gani hiyo. Bibi mwenyewe akakataa. Alisema amechoka kuhamishwahamishwa kama kuku, wamfungie shuka juu ya kitanda vumbi lisimwangukie, na huyo apande. Nikafunga shuka kwenye misumari minne, nikakaa chini yake pamoja na Bibi. Baba akang'oa bati moja upande wa nyuma, akaingia kwa tumbo, saa ya jua kali, akaanza kuichota pamba na viota vyake akiitupa nje. Tulimsikia anahema. Tulimsikia anakohoa, kikohozi cha vumbi ambacho hakikomi.

Bibi hakuzungumza Kiswahili nasi, lakini lugha yetu Baba hakuijua vizuri, na Bibi alikuwa na Kiswahili chake cha mnadani. Akanishika mkono.

"Mwambie mkwe wangu afunge kitambaa puani," akasema. "Vumbi la panya linauaga watu."

Kabla sijafungua mdomo, sauti ikatoka juu ya dari. "Nimesikia, Mama."

Mkono wa Bibi ulikaza juu ya wangu. Miaka yote ya ndoa ya wazazi wangu, wale wawili hawakuwahi kujibizana moja kwa moja, siku zote alikuwepo mtu katikati. Sasa katikati palikuwa na magunia na mabanzi, hakuna anayemwona mwenzake, na labda mila haikuwaza habari ya dari. Bibi akaliambia lile shuka lililokuwa juu yetu:

"Wewe mtu wa ziwani. Unajua mimi nilikukataaga?"

"Najua, Mama. Nilikuwa nje siku hiyo, nikasikia."

"Nilisema binti yangu hawezi kuolewa na mtu anayenuka samaki."

"Ulisema."

"Sasa unaungulia nini huko juu?"

Tulisikia anaburuta kitu, tukasikia kimeanguka nje. Niliogopa, nikadhani amekasirika, na nisingemlaumu.

"Mama," akasema, "binti yako amesema ukiondoka anaondoka na wewe. Sasa mimi nitabaki na nani? Usidhani nina wema sana. Namtaka mke wangu."

Kitanda kikaanza kutetemeka. Nikamgeukia Bibi nikidhani ameshikwa na homa, kumbe alikuwa anacheka, kanga iko mdomoni, machozi yanamtoka. Alicheka mpaka akachoka. Akafuta uso, akajiweka sawa juu ya mto.

"Basi weka mengi," akasema. "Hayo maranda. Usinibanie."

Baba aliweka mengi. Hesabu zangu zilikosea tena, safari hii kwa upande wa pili, maana maranda yakikaa yanashuka, na baada ya muda ikabidi apande kuongeza. Sina hakika kama yalishuka sana kiasi hicho. Alipanda tena na tena mwaka ule, kuangalia panya, kuziba tundu, kusawazisha pembe, na kila alipopanda Bibi aliomba afungiwe shuka, na wakazungumza. Waliongea bei ya ng'ombe, mvua, ujinga wa Mjomba ambaye wote wawili walimpenda. Bibi alimuuliza barafu inatengenezwaje, akaelezwa, hakuamini. Mimi sikuwa na kazi tena ya kupeleka maneno, nikawa nakwenda zangu nje nikawaacha. Mama alikuwa anafua nguo karibu na dirisha, nguo zile zile, hazitakati.

Kidonda kilichukua muda wake. Kilijaa nyama nyekundu kutoka chini, kikafunga pembe moja baada ya nyingine, na matokeo yangu ya mtihani yakatoka na kusahaulika kabla hakijafunga kabisa. Mwishowe daktari akambonyeza Bibi unyayo akamwambia aende kwao, asitembee peku, arudi kuangaliwa. Mjomba alikuja na gari kumchukua. Siku hiyo Baba alikwenda kujifungia nyumba kubwa, kama inavyotakiwa, ili mama mkwe apite ua bila kuonwa. Nilikuwa nimebeba mzigo. Bibi alitoka chumbani na viatu vipya vya kufunika vidole, ana fimbo, akafika katikati ya ua akasimama. Akamwambia Mama amwite mume wake.

Mama akadhani hakusikia vizuri. Alisema, "Mama, atakuona."

"Huu mguu ni yeye ameutunza," Bibi akasema. "Aje auone unavyotembea."

Mjomba akageukia ukuta. Mama aliingia ndani, wakakawia, nikasikia Baba anakataa kwa sauti ya chini, kisha mlango ukafunguka, akatoka ameinamisha kichwa mpaka kidevu kimegusa kifua. Akasimama kibarazani. Bibi akampa Mjomba fimbo. Akapandisha kanga kidogo juu ya kifundo, akatembea mpaka getini bila kushikwa na mtu, akageuka, akarudi, akapita mbele ya Baba karibu kabisa, polepole, kisigino kwanza halafu vidole, akageuka akapita tena. Macho ya Baba hayakuvuka magoti yake. Yaliufuata ule mguu tu, kwenda na kurudi. Alikuwa analia, machozi yanadondokea viatu vyake, na hakujifuta, kwa sababu kujifuta kungemfanya ainue uso.